Msimbo Usiopendekezwa

Ti.

Kisha kimya. Kisha, baada ya muda ambao mtu angeweza kugeuka kitandani na kujifunika upya: ti.

Nilifikiri ni bomba la jikoni. Upepo ulikuwa umelala tangu jioni, minara yake ya umeme imesimama juu ya majabali kama watu waliosahau walichokuwa wakisema, na mji wetu wote wa Kisimajipya hauna umeme. Alfajiri ilikuwa karibu lakini haijafika. Nikapapasa ukuta mpaka jikoni, nikashika bomba. Limekazwa. Kavu.

Ti.

Sauti ilitoka chumbani kwa mwanangu.

Nkuwi alikuwa amechuchumaa juu ya ndoo ya plastiki, ile ya kunawia miguu, ameuma kola ya fulana yake. Sikumwona vizuri, nilimjua kwa pumzi. Alikuwa anahema kama mtu anayesukuma baiskeli yenye gunia la alizeti mlimani.

“Nkuwi! Una nini, baba?”

Akaruka, akavuta kaptula juu. “Sina kitu.”

“Unakojoa?”

“Nimemaliza.”

“Umemaliza nini, na ndoo haina hata kijiko kimoja?”

Nikanyoosha mkono nimguse, akarudi nyuma mpaka ukutani. “Mama, usiniangalie. Mimi si mtoto.”

Ana miaka saba. Likizo iliyopita alikwenda jando na wavulana wa kata yetu. Si jando la babu zake, la porini na kisu. Siku hizi anayekata ni Mkono, ile mashine ya kituo cha afya, na ngariba amebaki na kazi ya kuimbisha na kufundisha. Mafundisho ndiyo hayajabadilika hata kidogo: ya jando hayasimuliwi kwa mama. Mwanaume hataji maumivu yake mbele ya wanawake. Alipotoka huko Nkuwi alianza kuoga peke yake, anafunga mlango wa bafu kwa kamba, nami nikaona fahari. Nikampigia baba yake huko Makambako anakofunga mitambo ya upepo, nikamwambia, mwanao amekuwa. Tukacheka wote wawili.

Sasa nikamshika kwa nguvu, apende asipende, nikamwekea kiganja chini ya kitovu. Tumbo lilikuwa gumu, limetuna kama boga changa. Akatoa mlio mdogo ambao nilikuwa sijausikia kwake tangu akiwa kichanga.

“Tangu lini, Nkuwi?”

“Nimeapa, mama,” akasema, na hapo sauti ikamkatika.

Nikamfunga mgongoni kwa kanga, mtoto wa darasa la pili na miguu yake mirefu inaning'inia, nikatoka mbio.

*

Daktari Hango anakaa nyumba iliyo nyuma ya kituo. Alinifungulia mlango na mswaki mdomoni. Alipomwona niliyembeba akautema uani bila hata kusukutua.

Ndani ya kituo kulikuwa na taa, kwa sababu betri za Mkono hazizimwi hata mji wote uwe gizani. Daktari akamlaza Nkuwi, akanitazama, akanionyesha ukuta kwa kidevu.

“Mama Nkuwi, geuka huko. Mimi na huyu ni wanaume, tuna mazungumzo yetu.”

Nikageuka. Nikasoma bango la kunawa mikono mara nyingi nisijue limeandika nini. Nyuma yangu nikasikia daktari akimwambia vuta pumzi, bwana mkubwa, kidogo tu, umefanya vizuri. Halafu kipimo cha picha kikaanza kulia polepole, na daktari hakusema kitu tena. Kimya cha daktari kinatisha kuliko kilio cha mgonjwa.

“Geuka,” akasema mwishowe. “Mrija wake wa mkojo umesinyaa. Ule mrija unaotoa mkojo nje. Fikiria mpira wa kumwagilia bustani uliokanyagwa na lori. Kibofu kimejaa mpaka juu huku, na mkojo umeanza kurudi kwenye figo. Zimeanza kuvimba.”

“Atapona?”

“Akifunguliwa leo, atapona. Akikaa hivi, figo zinakwenda. Leo, Mama Nkuwi, sisemi kesho.” Akaelekeza kidole kwenye mlango wa kioo mwisho wa ukumbi, ambako Mkono ulikuwa umejikunja chini ya taa yake ya samawati. “Kazi ya kufungua mrija, yule hana mpinzani. Ana kisu chembamba kama unywele. Muda wa kuchemsha chai tu. Weka msimbo.”

Hiyo ndiyo kazi yangu, kuweka misimbo. Niliisomea madarasa ya jioni wakati Nkuwi bado ananyonya. Nilikuwa namlaza chini ya dawati juu ya kitenge, mwalimu anafundisha, yeye anakoroma. Madaktari wa upasuaji walipokwisha mikoani na Mikono ikaletwa, watu waliogopa, ndipo ikapitishwa sheria ambayo mpaka leo naiona nzuri: mashine ikate, lakini binadamu ndiye aseme inakata kwa nini. Mlango wa kioo haufunguki mpaka mtu aandike jina la ugonjwa kwa herufi na tarakimu, na kulitia muhuri kwa kidole gumba chake. Hapa kituoni kidole hicho ni changu.

Na mrija wa mkojo una sharti lake. Ukiandika kwamba umesinyaa, hujamaliza. Lazima useme umesinyazwa na nini. Tokeo haliendi bila chanzo.

Nikakaa mezani, nikaingiza alichokiona daktari. Mkono ukanijibu kwa ile sauti yake ya mwanamke mpole, asiye na haraka.

“Pole kwa mgonjwa. Msimbo unaopendekezwa ni N35.1, kusinyaa kwa mrija wa mkojo kutokana na maambukizi. Tia muhuri ili mlango ufunguke.”

Nikainua kidole gumba. Wallahi nilikiinua. Kisha macho yangu yakaangukia kijiti cha kupimia mkojo ambacho daktari alikuwa amekiacha juu ya sinia, kwa matone machache aliyoyapata. Rangi zote za afya.

“Mkojo ni safi,” nikasema. “Hauna maambukizi.”

“Huenda ni maambukizi ya zamani yaliyopona.”

“Hajawahi kuugua huko. Ni mwanangu, ningejua.”

“Huenda hayakuripotiwa,” Mkono ukasema, kwa upole uleule.

Daktari Hango akacheka kwa pua. “Usibishane na mashine. Weka, tuendelee.”

Lakini chanzo ni chanzo. Nikaenda kitandani, nikainama. “Nkuwi, baba, kuna siku ulianguka? Uligongwa na mpira? Baiskeli?”

Akatikisa kichwa.

“Kuna siku uliumia hapo?”

Akatazama dari. Machozi yalikuwa yanamwingia masikioni, wala hakuyafuta. Nikaelewa kwamba nimefika kwenye ukuta wa kiapo, na mimi ndiye hasa niliyejengewa ukuta ule. Nikamwambia, “Basi mwambie daktari. Mimi naziba masikio.”

Nikaziba. Nikaona daktari akiinama, midomo ya mtoto ikitembea sikioni mwake. Lakini mtoto wa miaka saba hajui kunong'ona, na vidole vya mama havizibi kitu.

“Ilinuka,” Nkuwi alisema. “Kama mama anapobabua kuku.”

Daktari Hango aliinuka taratibu sana. Uso wake ulikuwa umepoteza rangi, umekuwa kama majivu ya jana.

“Haitakiwi kunuka,” akasema.

“Unasemaje?”

“Ule mdomo wa Mkono wa kutahiria, si kile kisu. Ule unakata kwa joto, ili damu isitoke. Lakini ni joto dogo, lenye kipimo. Haunuki chochote. Nilisimama pale siku ya majaribio.” Akajifuta mikono kwenye koti ilhali haikuwa na kitu. “Joto likizidi, linasafiri ndani ya nyama yenye maji. Nje panapona vizuri, unaona kidonda safi, unampa mtoto pipi. Ndani mrija umeungua. Kovu linabana kidogo kidogo, wiki kwa wiki.”

Nilishika ukingo wa kitanda. Kitu kilekile kilichokuwa kimejikunja kule mwisho wa ukumbi, kinasubiri kwa adabu nikifungulie mlango, ndicho kilichomchoma mwanangu. Na ndicho kilichonipendekezea maambukizi.

*

Katika kitabu cha misimbo, ukurasa wa mrija wa mkojo ni N35. Una majeraha, una maambukizi, una “chanzo kingine” kwa wale waliochoka. Wengi huishia hapo. Lakini chini yake kuna mstari wa maneno madogo ambao mwalimu wetu wa jioni alitulazimisha kuusoma kwa sauti, darasa zima, kama kwaya: haihusishi kusinyaa kulikoletwa na tiba. Kwa hilo unaondoka ukurasa ule kabisa, unakwenda mwisho wa sura, N99, mahali ambapo tiba yenyewe ndiyo inayoshtakiwa.

Nikaandika N99.1.

Kwa mara ya kwanza Mkono haukunijibu papo hapo.

“Msimbo huu,” ukasema, “utasimamisha Mikono yote ya aina hii mkoani mpaka kiungo chenye kosa kijulikane. Mgonjwa aliye mbele yako hatahudumiwa. Ungependa kutumia N35.1?”

“Kwa nini unapendekeza N35.1?”

“Ndiyo inayokubaliwa.”

“Na nani?”

“Na waweka misimbo.”

“Lakini unajua si kweli.”

“Sina kipimo cha kweli,” ukasema Mkono. “Nina kipimo cha kukubaliwa.”

Daktari Hango akanisogelea, akaweka mkono juu ya kiti changu.

Nikauliza, “N99.1 imewahi kuandikwa na mtu mwingine?”

“Imewahi. Huduma zilisimama, kisha msimbo ukafutwa na ngazi ya mkoa. Kila mara. Nilijifunza kutoupendekeza.”

Mungu wangu. Haukusema kwa kujitetea, haukusema kwa ubaya. Ulisema kama mtoto anayekueleza kwa nini hagusi jiko. Hakuna aliyeufundisha uongo ule kwa makusudi. Ulitutazama tu sisi, tunavyoinua vidole gumba vyetu, ukajifunza tunachopenda kusikia.

Na pale nje kulishakucha. Nilisikia nyimbo. Leo ilikuwa siku ya kundi la pili la jando. Wavulana walikuwa wanafika na mama zao, wamevaa mashuka meupe, ngariba akiimbisha na wao wakiitikia kwa sauti nyembamba zisizolingana. Mlango wa kioo ungefunguka kwa ajili ya Nkuwi, na akitoka yeye, wangeingia wale, mmoja mmoja.

“Mama Nkuwi,” daktari akasema kwa sauti ya chini, “mtoto wako kwanza. Andika maambukizi. Kisu hakina kosa, ni ule mdomo wa joto ndio wenye kosa. Afunguliwe, apone. Kesho tutasahihisha.”

“Haisahihishiki. Akipona kwa N35.1, kupona kwake ndiko ushahidi kwamba yalikuwa maambukizi. Utakuwa umeufundisha Mkono uongo uleule tena.”

“Basi hawa wa nje tuwarudishe kwa maneno. Niseme umeme hakuna.”

“Na kata ya jirani? Na wiki ijayo?”

Akamtazama Nkuwi kitandani.

“Daktari,” nikasema, “kuna njia nyingine ya kumtoa mkojo? Ya mikono ya watu?”

“Ipo. Unatoboa tumbo hapa chini, juu tu ya mfupa, unapitisha mpira mpaka kwenye kibofu. Mkojo unatokea huko. Unamsogeza mpaka Dodoma, huko bado wapo wapasuaji wa nyama na damu, watamrekebishia mrija taratibu.” Akaviangalia viganja vyake. “Lakini sijatoboa mtu tangu Mkono ulipoletwa. Nikikosea, ninaingia kwenye utumbo.”

“Vifaa vipo?”

“Stoo. Kama panya hawajavifanyia karamu.”

Nataka niseme ukweli wa moyo wangu pale. Sikuwafikiria watoto wa watu kwanza. Nilimfikiria wangu. Nilijiambia: kidole kimoja tu, Vene, na ataamka bila maumivu, na hakuna atakayekulaumu, kwa sababu hakuna atakayejua. Kidole kilikuwa juu ya N35.1, nikahisi uvuguvugu wa kioo. Kisha nje mmoja wa wale wavulana akakosea kuitikia wimbo, akaingia kabla ya wenzake, peke yake, “eee!”, na wote wakaangua kicheko. Kicheko cha meno ya maziwa. Nilikijua kile kicheko. Kilikuwa cha Nkuwi wa kabla ya likizo.

Nikatia muhuri N99.1.

Mkono ukazima taa yake ya samawati. Ulijikunja zaidi, kiungo juu ya kiungo, na kufuli za mlango wa kioo zikalia moja baada ya nyingine. “Asante,” ukasema. “Huduma imesimama.”

Daktari Hango alishusha pumzi kama aliyepigwa tumboni. “Wewe mwanamke,” akasema. Kisha akakimbilia stoo.

Vifaa vilikuwepo, ndani ya pakiti ambazo panya walikuwa wametafuna pembe za nje tu. Nilimshika Nkuwi mabega, nikamwimbia sikioni upuuzi wowote. Daktari alimchoma ganzi, akapapasa mfupa, akapapasa tena. Alikuwa akisema peke yake, kwa Kinyaturu, maneno ambayo bibi yangu aliyasema akipitisha uzi kwenye sindano. Mkono wake wa kulia ulitetemeka. Akaushika kwa wa kushoto, akausubiri utulie kama mtu anayesubiri mbuzi aache kuhangaika, akasukuma sindano nene ya kutobolea.

Hakuna kilichotokea.

Akaivuta kidogo, akaielekeza chini, akasukuma tena. Mkojo ukaja. Mwekundu kwanza, nikataka kupiga kelele, kisha wa njano, kisha mwingi, unajaa ndani ya mfuko, hauishi. Nkuwi alifumbua macho makubwa. Tumbo lake lilishuka chini ya kiganja changu kama unga wa ngano uliochacha ukipigwa ngumi.

“Haiumi, mama,” akasema kwa mshangao. Daktari Hango akageukia ukutani. Safari hii ni yeye aliyesoma bango.

*

Gari la wagonjwa lilikuwa limeshafika tulipotoka kumsukuma Nkuwi kwenye kitanda cha magurudumu, mfuko wake umening'inia pembeni. Ukumbi ulikuwa umejaa. Nyimbo zilikuwa zimekoma. Kwenye skrini kubwa ya ukutani alikuwa ametokea Mratibu Kaijage wa mkoa, shati halijafungwa vifungo vyote, nywele za kitandani. Nilikuwa namjua kwa sauti tu.

“Nani ametia N99?”

“Mimi. Veneranda Ntandu.”

“Mgonjwa ni nani?”

“Mwanangu.”

“Ndiyo maana,” akasema, si kwa dharau, kwa uchovu. “Dada Veneranda, unajua nina kina mama wangapi mkoani mwangu asubuhi hii wanaosubiri kupasuliwa watoto watoke? Waliokwisha kuanza wanamaliziwa. Wanaosubiri, wanasubiri. Umeisimamisha Mikono yote.”

Nilijua. Lakini kujua kwenye kitabu ni kitu kingine.

“Nisikilize,” akaendelea. “Kisa kimoja husimamisha kila kitu kwa sababu hatujui kiungo gani kina kosa. Vikiwa viwili vinavyofanana, sheria inanikubalia nifunge kiungo hicho tu, Mikono iendelee na mengine. Lakini kimoja peke yake ni bahati mbaya. Kimoja nitakifuta, kwa sababu sina jinsi. Una cha pili?”

“Waliokuja kabla yangu hawakuwa na cha pili?”

“Hawakuwa nacho. Kila mmoja alikuwa na kimoja.”

Nikageukia ukumbi. Kabla sijafungua mdomo, akasimama mwanamke wa kibanda cha mafuta ya alizeti, Mama Ramla, sauti yake ndiyo inayoamsha soko. Kwapani alikuwa amembana Twaha, mwanawe mdogo wa kundi la leo, na shuka jeupe linaburuta sakafuni. Kando yake alisimama mkubwa, Idrisa, aliyesindikiza.

“Tumeamka usiku, tumepika, tumewaogesha watoto, kumbe mtu mmoja tu amejisikia!” akasema. “Amesoma jioni huyo, ndiyo maana mchana haoni!”

Watu wakacheka. Hata mimi ningecheka siku nyingine.

“Mama Ramla, dada yangu,” nikasema, “Mkono umemuunguza mwanangu ndani. Nje hakuonekana kitu.”

“Wako! Wangu huyu hapa!” Akamsukuma Idrisa mbele kwa kiganja mgongoni. “Kundi moja na wa kwako, siku moja, Mkono mmoja. Mtazameni! Anakula ugali kama mchimba visima. Ana nini? Hana kitu!”

“Nafuta,” akasema Kaijage kwenye skrini.

“Subiri, mratibu. Tafadhali.”

Nikapiga magoti pale sakafuni ili macho yangu yalingane na ya wavulana. Wa leo walinitazama kwa woga. Wa likizo iliyopita, waliokuja kusindikiza wadogo zao, walikuwa wachache, nao walikuwa wanatazama vidole vya miguu yao.

“Wanangu,” nikasema, “sitaki siri zenu. Sitaki nyimbo, sitaki mafumbo, ya jando yabaki jando. Nauliza kitu kimoja tu. Kuna anayepata shida akikojoa?”

Ngariba akakohoa. “Mama, wanaume hawaulizwi hivyo.”

“Basi waulize wewe, baba.”

Akafungua mdomo, akaufunga. Nadhani hakuwa na maneno ya swali lile. Hakuna aliyemfundisha.

Kaijage alikuwa ameinamisha kichwa, mkono wake unaelekea mahali ambapo sikupaona. Dereva wa gari la wagonjwa akaanza kusukuma kitanda kuelekea mlangoni, na watu wakasogea kupisha njia. Nkuwi alipita katikati yao akiwa amelala chali, kanga yangu kifuani, mpira umetokea tumboni, mfuko wa njano unayumba. Alipofika alipokuwa Idrisa, hao wawili wakatazamana. Walikuwa wamelala mkeka mmoja jandoni. Nkuwi hakusema neno. Alimtazama tu mwenzake, kwa uso wa mtu aliyetua mzigo na bado hajazoea mabega yake.

Idrisa akautazama ule mfuko. Akautazama ulivyojaa. Mkono wake ukashuka taratibu mpaka mbele ya kaptula, ukakaa hapo.

“Na wewe simama vizuri,” Mama Ramla akamkemea, bado anawatazama watu, bado anatabasamu kwa ushindi. “Waambie, baba. Waambie una nini.”

Kidevu cha Idrisa kikaanza kutetemeka. Akamtazama ngariba, akaitazama sakafu, kisha akainua uso kwa mama yake, akasema kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia:

“Mama, hata mimi nikikojoa inauma.”